Je, wajua? Marubani hupigiana taa angani, na kila taa ina ujumbe wake

Usiku, juu ya misitu ya Kongo, rubani wa ndege ya abiria akiona nukta ya mwanga inamjia kwa mbele, mara nyingi hunyoosha mkono kwenye swichi, akawasha taa za kutulia, zile kali za kumulika njia wakati wa kutua, kwa sekunde moja au mbili, kisha akazizima. Ile nukta nayo humjibu vivyo hivyo. Punde ndege mbili zimepishana, moja ikiwa futi 1,000 juu ya nyenzake.

Hiyo ni salamu, kama ile ya madereva wa mabasi ya mikoani wanaopigiana taa barabarani. Hakuna kanuni inayomlazimisha rubani kuitoa. Hata hivyo imebeba taarifa muhimu: nimekuona, nawe umeniona. Kila ndege huwa inakwenda karibu kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo zikielekeana zinasogeleana nusu kilomita kila sekunde. Ndege uliyoiona ikiwa umbali wa kilomita 30 unapishana nayo baada ya dakika moja. Pengo la futi 1,000, yaani mita 300 hivi, lilianza kutumika katika anga la juu la Afrika Septemba 2008. Kabla ya hapo lilikuwa futi 2,000. Na kwenye maeneo makubwa ya bara letu, ambako mawasiliano na waongoza ndege walio ardhini hayategemeki, marubani hutangaziana wenyewe katika masafa ya redio ya megahezi 126.9 mahali walipo, kimo chao na njia wanayofuata. Taa huthibitisha kile kilichosikika redioni.

Zipo pia taa zinazozungumza bila kuguswa. Bawa la kushoto lina taa nyekundu, la kulia kijani, mkiani nyeupe. Mpango huu wa rangi ulirithiwa kutoka kwenye meli. Rubani akiona nyekundu peke yake upande wake wa kulia, anajua ndege ile inakatiza kwenda kushoto, na kwa kanuni za anga yeye ndiye wa kupisha. Akiona nyekundu na kijani kwa pamoja, nyekundu ikiwa kulia kwake, wanaelekeana uso kwa uso.

Uwanjani ndiko taa zina kazi nzito zaidi. Taa nyekundu inayomwekamweka mgongoni na tumboni mwa ndege huwashwa kabla injini hazijawashwa, na huzimwa baada ya injini kutulia. Mhudumu wa uwanjani mwenye busara hasogei kabla haijazimika. Ndege inayotembea huwasha taa yake ya mbele, na ikisimama kumpisha mwingine huizima. Mwenzake anaelewa kwamba njia ni yake, na wala hatiwi kiwi.

Halafu kuna taa nyeupe za flashi kwenye ncha za mabawa. Umuhimu wake ulidhihirika usiku wa tarehe 1 Februari 1991 huko Los Angeles. Ndege ndogo ya SkyWest iliambiwa iingie kwenye njia ya kurukia na isubiri hapo. Mwongoza ndege akaisahau, akairuhusu Boeing 737 ya USAir itue kwenye njia ileile. Watu 35 walikufa. Ile ndege ndogo ilikuwa imesimama huku taa zake zikipotea katikati ya taa za njia yenyewe. Leo marubani wa Marekani wanashauriwa kuwasha taa zote, zikiwemo za flashi, mara tu wanapoingia kwenye njia ya kurukia, isipokuwa taa za kutulia. Hizo huwashwa ruhusa ya kuruka ikishatolewa. Kwa hiyo anayezitazama kutoka mbali anajua kama ndege ile inasubiri au iko tayari kuondoka.

Tatizo halijaisha. Tarehe 2 Januari 2024, uwanja wa Haneda jijini Tokyo, Airbus A350 ya Japan Airlines iliigonga ndege ya walinzi wa pwani iliyokuwa kwenye njia, na marubani wa Airbus walisema hawakuwa wameiona. Watu wote 379 waliokuwa ndani ya Airbus walitoka wakiwa hai. Kati ya sita wa ile nyingine, watano walikufa. Ukiitazama ndege kwa nyuma kutoka juu, taa yake nyeupe ya mkiani ni nukta moja tu kati ya safu ndefu ya nukta nyeupe za taa za njia.

Kwangu, ishara zinazostahili kujulikana zaidi ni zile za kukutana na ndege ya kivita. Ikimsogelea rubani wa abiria, ikatikisa mabawa na kuwasha na kuzima taa zake za mabawani na mkiani bila mpangilio, maana yake ni: umezuiwa, nifuate. Rubani naye hujibu kwa kutikisa mabawa na kupiga taa zake hizohizo vilevile: nimeelewa, nakufuata. Akiwasha na kuzima taa zake zote kwa mpangilio ulio sawa, anasema: siwezi kutii. Akizipiga taa zake zote ovyo ovyo, bila mpangilio wowote, anasema: niko hatarini. Ndege ya kivita ikikata kona ghafla huku ikipanda na kuondoka bila kuvuka njia ya yule rubani, basi rubani amepewa ruhusa ya kuendelea na safari.