Kipimo cha kidole kilisema 98

Jumamosi moja, yapata saa nne usiku, waliletwa vijana wanne kwenye bajaji moja. Watatu walikuwa wamemshika mwenzao makwapani, kalegea, miguu inaburuzika. Ana miaka 19. Walikuwa Raskazone, hapa Tanga, wanapiga stori, akainuka kwenda msalani, akaanguka. Pombe hakunywa. Presha iko sawa, sukari iko sawa. Nesi akambana kidole kwa kile kibanio cha kupimia oksijeni, kikasoma 98.

"Si unaona, dokta? Oksijeni anayo," mmoja akaniambia.

Nilipoinama kumsikiliza kifua, shati lake lilikuwa linanukia mnanaa. Nikawauliza walikuwa wanavuta nini. Wakatazamana.

"Shisha tu. Lakini ile ya matunda, haina tumbaku."

Nikaagiza barakoa ya oksijeni, na mtungi ufunguliwe sana. Yule kijana akanishangaa: 98 yote hii, oksijeni ya nini tena?

Kile kibanio humulika damu na kusoma rangi yake. Himoglobini, ambayo ndiyo inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu, huwa nyekundu ikishapakia oksijeni. Ikipakia kaboni monoksidi, gesi ya mkaa, nayo huwa nyekundu vilevile, na vibanio vingi tulivyo navyo havijui kutofautisha. Ni kondakta anayehesabu vichwa bila kuuliza nauli: daladala limejaa kweli, ila hela hamna. Tena abiria huyu hashuki upesi. Gesi hii huing'ang'ania himoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Ubongo unakosa hewa huku kioo kidogo kinakuonyesha 98.

Mkoani kwetu gesi hii si ngeni. Baridi ya Juni na Julai ikibana kule Lushoto, kuna wanaoingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha, na kila mzazi anajua kukemea hilo. Mzazi huyohuyo hajaambiwa kwamba juu ya shisha kuna jiko dogo la mkaa, na mwanawe analivuta moja kwa moja kifuani.

Ndiyo maana neno "haina tumbaku" halinipi faraja. Tumbaku ikitoka, nikotini imetoka; mkaa uko palepale. Wengine hujitetea kwamba wao hutumia mkaa wa vifuu, wa asili. Kifuu kikiungua kinatoa gesi hiyohiyo.

Na maji? Hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote. Wazee wa pwani walikuwa na chombo cha namna hii zamani: tumbaku kwenye bori, digali likateremsha moshi hadi kwenye kiko, yaani kifuu chenye maji, kisha shilamu ikaufikisha mdomoni. Ule mlio wa maji yanapobubujika waliuita malio ya kiko. Kazi kubwa ya maji, wakati ule na sasa, ni kuupoza moshi. Yanashika kiasi kidogo cha vitu vinavyoyeyuka. Kaboni monoksidi haiyeyuki kwa kiasi cha maana, inapita. Ubaya ni kwamba moshi uliopoa hauwashi koo. Moshi wa sigara ungekukohoza ukaacha. Huu unashuka ndani kabisa, tena na tena, kwa saa nzima.

Hapo ndipo ilipozaliwa ile kauli kwamba shisha moja ni sawa na sigara mia. Shirika la Afya Duniani liliandika kitu cha namna hiyo mwaka 2005, ila lilikuwa linazungumzia wingi wa moshi unaovutwa. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walijumlisha tafiti mbalimbali, wakalinganisha kikao kimoja cha shisha na sigara moja: moshi mara 125, lami (ule utandu mweusi unaonata) mara 25, kaboni monoksidi mara 10, nikotini mara 2.5. Kwa hiyo sumu si mara mia kwa kila kitu. Naifafanua kwa sababu vijana wana intaneti. Wakikukamata umeongeza chumvi, hawakusikilizi tena. Na mara 10 ya gesi ile inatosha kumwangusha mtu, wala haihitaji chumvi.

Ya muda mrefu nayapitia haraka: saratani ya mapafu, fizi kuoza, mama mjamzito kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo, na uteja wa nikotini kwa ile yenye tumbaku. Ongeza mpira mmoja wa kuvutia unaozunguka midomo minne, na malengelenge ya mdomoni yanayozunguka nao.

Shisha imepigwa marufuku nchini Tanzania tangu 2016. Ninachosikia kwa wagonjwa wangu ni kwamba wengine wamehamia vyumbani, mapazia yamefungwa wasionekane. Kwa gesi hii, chumba kilichofungwa ni kibaya kuliko baraza.

Basi mwenzako akilalamika kichwa, kichefuchefu au kizunguzungu, usimwambie atapoa. Mtoe nje kwenye upepo, mlete hospitali, na mlangoni litamke neno shisha hata kama unaona aibu. Kwa hewa ya kawaida, gesi iliyomo mwilini huchukua saa nne hadi sita kupungua nusu. Kwa oksijeni nyingi, kama saa moja na nusu.

Mama yake alifika saa sita, kanga begani, anahema.

"Daktari, mwanangu havuti sigara."

"Najua, mama."

Yule aliyeniambia oksijeni anayo alikuwa ameegemea ukuta, anajikanda paji la uso. Kichwa kilikuwa kinamgonga tangu saa tatu, kumbe, akadhani ni muziki. Nikamwambia akae, nikaenda kumtafutia barakoa ya pili.