Gemu mpya siku ya kwanza: kwenye boksi mna nini hasa?

Ijumaa ya mwisho wa Septemba banda langu la gemu hufunguka mapema. Nina mashine nne, televisheni nne na benchi mbili za mbao hapa Mombasa, na miaka hii ya karibuni gemu ya mpira imekuwa ikitoka siku hiyohiyo. EA Sports FC 24 ilitoka tarehe 29 Septemba 2023, FC 25 tarehe 27 Septemba 2024, FC 26 tarehe 26 Septemba 2025. Zote Ijumaa. Kuna vijana hapa wanaikumbuka tarehe hiyo kuliko tarehe ya mtihani.

Mwaka mmoja kijana mmoja alifika na diski yake bado imo kwenye nailoni. Aliibambua kwa meno, mbele ya watu, akaitia kwenye mashine mwenyewe. Mstari ukaanza kusogea kwenye skrini, watu wakashangilia. Kisha ukaja mstari wa pili, chini yake gigabaiti kadhaa na saa kadhaa za kusubiri. Akanigeukia: "Fundi, mbona inapakua, na mimi nimenunua CD?"

Swali hilo nimelijibu mara nyingi mno, kwa hiyo leo naliandika.

Diski haichapwi siku ya kutoka. Watengenezaji wakishaona gemu inatosha, hutoa nakala ya mwisho, ambayo wao huiita nakala ya dhahabu, na hiyo ndiyo inayopelekwa kiwandani. Kutoka hapo diski inapigwa chapa, inawekwa kwenye boksi, inapanda ndege au meli, inakaa bohari. Hizo ni wiki kadhaa. Na katika wiki hizo mafundi hawajalala: wanaendelea kurekebisha makosa. Wanachokirekebisha hakiwezi kurudi kwenye diski iliyokwisha kutiwa nailoni, kwa hiyo kinakusubiri kwenye intaneti. Ndilo lile sasisho la siku ya kwanza.

Kwenye gemu ya mpira jambo hili linaonekana kwa macho. Dirisha la usajili la Ulaya hufungwa mwanzoni mwa Septemba au siku mbili tatu kabla. Ukikata intaneti ukacheza kilichomo kwenye diski peke yake, usishangae kumkuta mchezaji aliyehama siku ya mwisho bado amevaa jezi ya zamani. Diski haikukosea. Ilifungwa yeye akiwa bado kule.

Basi yule kijana nilimwambia asimamishe sasisho, aanze hivyohivyo, tutapakua usiku. Wakacheza. Kelele zilikuwa zilezile.

Lakini usidhani kila gemu inakubali hivyo. Cyberpunk 2077, gemu ya hadithi, ilitoka tarehe 10 Desemba 2020 baada ya kuahirishwa mara kadhaa, na kwenye PS4 na Xbox One za kawaida, mashine za kabla ya hizi za sasa, ilikuwa taabu: inakwama, inajizima, sura za watu zinachelewa kujaa. Wiki moja baadaye Sony, wenye PlayStation, waliiondoa kwenye duka lao la mtandaoni na kuahidi kurudisha pesa. Ilirudi tarehe 21 Juni 2021. Leo, ukiwa na PS5, ni gemu nzuri sana. Aliyesubiri alipata kitu bora kwa bei ndogo, na aliyeinunua siku ya kwanza alilipa bei kamili ili awe mpimaji. Ndiyo maana gemu za hadithi, zile unazocheza peke yako usiku, mimi sizinunui siku ya kwanza hata zisifiwe vipi. Haziendi popote.

Tuje kwenye jambo linalowaumiza watu wa huku zaidi ya mengine yote: nchi ya akaunti.

Ukifungua akaunti ya PlayStation, kwenye orodha ya nchi hukuti Kenya, wala Tanzania, wala Uganda. Afrika Kusini ipo. Kwa hiyo wengi wetu tuna akaunti ya Marekani au Uingereza, na ukishachagua nchi huibadilishi tena kwenye akaunti hiyo. Mambo haya dunia nzima iliyasikia Mei 2024, Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 wa kwenye kompyuta waunganishe akaunti ya PlayStation. Gemu ikaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya mia moja zisizo na huduma hiyo, wachezaji wakawaka, na Sony ikarudi nyuma kwenye sharti lenyewe. Sisi tulicheka kidogo. Tumeishi hivyo tangu PS3.

Maana yake siku ya kwanza ni hii. Kadi ya benki ya hapa mara nyingi hukataliwa kwenye duka la nchi nyingine, hivyo unanunua kadi ya zawadi, yaani kadi yenye namba ya siri inayotia pesa kwenye akaunti. Kadi ya zawadi ya dola haiingii kwenye akaunti ya Uingereza, na ya pauni haiingii kwenye ya Marekani. Muuzaji akishakwangua namba, pesa imekwenda. Kabla hujalipa fungua mipangilio ya akaunti uhakikishe nchi yako kwa macho. Usitegemee kumbukumbu, hasa kama akaunti ulifunguliwa na binamu yako mwaka 2017.

Diski yenyewe haina ubaguzi. Ya Dubai, ya London, ya New York, zote zinasoma kwenye PS5 yoyote. Kinachobagua ni vya ziada: namba ya siri iliyomo kwenye boksi, pointi, ramani na silaha za kununua. Hivyo vinataka akaunti ya eneo lilelile la diski. Mteja wangu mmoja aliwahi kununua toleo ghali kwenye duka moja la mjini, na sababu kubwa ya kulipa zaidi ilikuwa zile zawadi za ndani. Diski ilikuwa imetoka Ghuba, akaunti yake ya Marekani. Gemu ikacheza, zawadi zikagoma. Aliporudi dukani aliambiwa boksi limeshafunguliwa. Geuza boksi kabla ya kulifungua: alama ya umri ya herufi, kama E, T au M, ni ya Marekani, ya namba yenye neno PEGI ni ya Ulaya, na toleo la Ghuba mara nyingi lina maandishi ya Kiarabu.

Wanaonunua bila diski wana hesabu yao nyingine. Huwa unaruhusiwa kupakua siku mbili hivi kabla, gemu inakaa kwenye mashine ikiwa na kufuli, na kufuli linafunguka saa ikifika. Saa ipi? Nyingine hufunguka dunia nzima kwa mpigo. Nyingine hufuata saa sita usiku ya nchi ya akaunti: mwezi Septemba, saa sita usiku ya Johannesburg ni saa saba usiku kwetu, ya London ni saa nane usiku, na ya New York ni saa moja asubuhi. Mwenye akaunti ya Marekani alale tu.

Ila ukianza kupakua, PlayStation kwa kawaida hairudishi pesa tena isipokuwa gemu iwe mbovu kweli. Na ya kupakua huwezi kuiuza. Diski ya mpira mimi naicheza miezi kadhaa, kisha naiuza au nabadilishana na mwenzangu, na hapo bei yake ya dola 69.99 inapungua makali. Toleo la dola 99.99 la FC 25 liliwaruhusu watu kuanza tarehe 20 Septemba, wiki nzima mapema. Kwa banda hilo lina faida, kwa mtu wa nyumbani ni haraka tu.

Halafu kuna boksi lisilo na gemu. Nintendo Switch 2, mashine iliyotoka tarehe 5 Juni 2025, ina baadhi ya gemu zinazouzwa kwenye kadi ambayo ni ufunguo mtupu: unaichomeka, kisha unapakua gemu nzima. Mbele ya boksi wameandika, chini kabisa. Na PS5 Pro haiji na kisomeo cha diski, unakinunua pembeni. Nimeshamwona mtu ameshika diski mpya mkononi anazunguka mashine yake akitafuta tundu.

Kwa upande wangu kazi huanza Jumatano. PS5 ya toleo la kwanza imeandikwa nafasi ya gigabaiti 825, lakini za kutumia ni 667 tu, na za kwangu zimejaa. Kwa hiyo nakaa na padi nikifuta gemu moja moja, huku wateja nyuma yangu wakipiga kelele kila jina likipita: hiyo usitoe fundi, hiyo toa, hiyo nani aliyeiweka. Ya mpira ya mwaka jana huwa naifuta mwisho kabisa. Ina magoli yao.