Vitamini E: ile namba 400 ina maana gani?

Mama mdogo wangu ana kikopo juu ya kabati, kando ya dawa zake za presha. Ndani mna vidonge laini vya rangi ya asali. Ukikiinua kimoja dirishani, mwanga unapita. Kwenye kikopo pameandikwa 400. Nilimuuliza hiyo 400 ni nini, akanijibu: "Ni nguvu yake." Huyu ni mama asiyepunjwa hata kikombe kimoja cha maharagi katika soko la Kadutu, lakini namba hiyo hakuna aliyewahi kumweleza. Nimechoka kusikia yanayosemwa Bukavu juu ya kidonge hiki, na nayaandika kwa ajili yake na wengine kama yeye.

"Ni vitamini tu, haiwezi kudhuru."

Vitamini C ikizidi, nyingi yake hutoka na mkojo. Vitamini E si hivyo, kwa sababu huyeyuka katika mafuta na kuhifadhiwa kwenye mafuta ya mwili. Mtu mzima anahitaji miligramu 15 kwa siku. Ile 400 si miligramu, ni yuniti za kimataifa, kipimo cha nguvu ya vitamini, si cha uzito wake. Kama vitamini imetengenezwa kiwandani, yaani kikopo kimeandikwa dl-alfa, ni kama miligramu 180. Kama imetolewa katika mimea, yaani d-alfa, ni kama 268. Kwa hiyo kidonge kimoja kinabeba mahitaji ya siku 12 mpaka karibu 18. Marekani wameweka mpaka wa juu wa miligramu 1,000 kwa siku. Ulaya wameuweka kwenye 300. Mama mdogo alikuwa anameza viwili, asubuhi na jioni. Viwe vya aina yoyote kati ya hizo mbili, mpaka wa Ulaya alikuwa ameshauvuka.

"Inalinda moyo na inazuia kansa."

Tumaini hili lilikuwa na msingi. Vitamini E huzuia mafuta yaliyo kwenye kuta za seli yasiharibike, na wataalamu walidhani kuongeza kiasi kungeongeza kinga. Wakapima. Huko Finland, wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walifuatiliwa, baadhi yao wakipewa miligramu 50 kwa siku. Matokeo yalitoka mwaka 1994: kansa ya mapafu haikupungua, na vifo vya kuvuja damu kwenye ubongo vilikuwa vingi zaidi kwa waliomeza vitamini hiyo.

Kisha ukaja utafiti wa wanaume zaidi ya 35,000, wengi wao wa Marekani, kwa yuniti 400, namba ileile ya kikopo cha mama mdogo. Mwaka 2011 ikaonekana kwamba kansa ya tezi dume ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 17. Kwa hesabu ya watu: katika muda wa miaka 7, kati ya wanaume 1,000 wasiomeza, 65 waliugua, kati ya 1,000 waliomeza, 76. Papa unayenunua kikopo hiki ili ulinde afya yako, hao 11 wa ziada usiwapite haraka.

"Inasaidia kupata mimba."

Maneno haya yana umri wa miaka mia moja. Mwaka 1922 Herbert Evans na Katharine Bishop, huko California, waliona panya walionyimwa kitu fulani kwenye chakula wakishika mimba na kuipoteza. Kitu hicho ndicho vitamini E, na jina lake la kitaalamu, tokoferoli, linatokana na Kigiriki cha kuzaa. Lakini panya wale walikuwa wamenyimwa kabisa. Mama mwenye kula kawaida hayuko katika hali hiyo, na Shirika la Afya Duniani halishauri kuwapa wajawazito vidonge vya vitamini E na C ili mimba iende vizuri.

"Toboa kidonge, paka, kovu litaondoka."

Nimeona saluni kule Nyawera: pini, tone zito linalonata, halafu linachanganywa na losheni. Mafuta hulainisha ngozi, hilo ni kweli. Kufuta kovu hakujathibitika, na ngozi za wengine huwasha na kutoka vipele.

"Chakula chetu hakina vitamini hizo."

Hili linaniuma kuliko yote. Pita Kadutu asubuhi ya baridi uone mawese yameganda ndani ya chupa, mekundu, muuzaji akiyachokoa kwa kijiti. Kijiko kimoja kikubwa kina kama miligramu 2. Konzi ya karanga, 2 nyingine. Nusu ya avoka, karibu kiasi hicho. Sombe yenye mawese na karanga inakuletea vitamini E pamoja na mafuta yanayohitajika ili ifyonzwe. Tatizo ni wale wanaounguza mawese mpaka yawe meupe, eti yasinuke: wanaharibu vitamini A na kupunguza hii E, kisha wanakwenda famasi kuinunua.

Wapo wanaohitaji kidonge kweli: wenye magonjwa yanayozuia tumbo kufyonza mafuta, ambao wakikosa vitamini hii mishipa yao ya fahamu huharibika na kutembea huwa shida. Madaktari huitumia pia kwa baadhi ya wagonjwa wa ini lenye mafuta wasio na kisukari. Hao hupimwa na kufuatiliwa.

"Si dawa, hakuna haja ya kumtajia daktari."

Mwaka jana mikono ya mama mdogo ilianza kutoka madoa ya bluu bila kugonga popote. Nilimsindikiza hospitalini. Daktari akamuuliza dawa zote anazomeza. Akataja ya presha, akataja aspirini ndogo ya kila siku, akanyamaza. Mimi nikataja kikopo. Daktari aliweka kalamu chini na kutuchorea: vitamini E nyingi huvuruga kazi ya vitamini K, ile inayogandisha damu, na aspirini nayo inavuta upande huohuo. Akamwambia aache vile vidonge, aspirini aendelee. Akaongeza kwamba hata anayesubiri upasuaji lazima avitaje mapema.

Tukiwa njiani kurudi, mama mdogo aliniuliza swali moja tu: "Sasa muuzaji, mbona hakuniuliza kama ninameza aspirini?"