Je, wajua kwa nini bahari ya Mombasa hupwa mita 4 na ya Fundy mita 16, ilhali mwezi ni mmoja?

Shuka kwenye ngazi za Bandari ya Kale kati ya saa nne na saa tano asubuhi, siku mbili baada ya mwezi kuandama, uutazame ukuta. Juu kabisa jiwe ni kavu. Chini yake kuna mstari mweusi, kisha ukanda wa chaza waliojibana kwenye jiwe, wadogo, wenye makali ya kukata kidole, kisha mwani wa kijani unaoteleza, na maji yako chini kabisa. Kutoka ule mstari mweusi hadi maji ni kimo cha watu wawili waliopandiana mabegani. Rudi pale jioni, saa kumi na nusu hivi. Chaza wamefunikwa, mwani hauonekani, na maji yanaulamba ule mstari.

Hiyo ndiyo bamvua. Kwa Mombasa, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa siku za bamvua huwa mita 3 na kidogo, na bamvua kubwa za karibu na Machi na Septemba hukaribia mita 4. Siku za maji mafu tofauti hiyo hushuka hadi mita 1 hivi.

Sasa nenda upande wa pili wa ramani, mashariki mwa Kanada, kati ya majimbo ya New Brunswick na Nova Scotia. Pana ghuba ndefu iitwayo Fundy. Ndani kabisa ya ghuba hiyo, mahali paitwapo Burntcoat Head, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika mita 16, urefu wa jengo la ghorofa tano. Watu hutoka kila pembe ya dunia kwenda kutembea kwenye sakafu ya bahari ambayo asubuhi ile ile ilikuwa chini ya maji. Na mwezi unaoyavuta maji ya Kilindini ndio huo huo unaoyavuta ya Fundy. Hauongezi nguvu ukifika Kanada.

Jibu ni kwamba mwezi husukuma tu. Maji yatapanda kiasi gani ni shauri la chombo kilichoyabeba.

Tuanze na huo msukumo. Watu wengi hudhani mwezi unayanyanyua maji moja kwa moja kama sumaku inavyonyanyua msumari. Sivyo. Mvuto wake ni mdogo mno kwa kazi hiyo. Kinachofanya kazi ni tofauti ya mvuto: upande wa dunia ulioelekea mwezi huvutwa zaidi kuliko kitovu cha dunia, na kitovu huvutwa zaidi kuliko upande wa nyuma. Matokeo yake maji husogezwa kwa ubavu, yakakusanyika pande mbili, ule wa mbele na ule wa nyuma. Dunia ikijizungusha chini ya mafungu hayo mawili, kila pwani huyapitia yote mawili, ndiyo maana sisi twaona maji yakijaa mara mbili kwa siku. Na kwa kuwa mwezi nao unasonga, dunia huhitaji dakika 50 zaidi kuufikia tena. Kutoka kujaa hadi kujaa ni saa 12 na dakika 25, na kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi.

Jua nalo huvuta, ingawa nguvu yake haifiki nusu ya ile ya mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jua, dunia na mwezi huwa kwenye mstari mmoja, na nguvu hizo mbili hujumlishana. Hapo ndipo penye bamvua, siku moja au mbili baadaye. Mwezi ukiwa nusu, jua huvuta upande mwingine na kuipunguza kazi ya mwezi. Ndiyo maji mafu. Maneno haya mawili, bamvua na maji mafu, yangefaa kufundishwa katika kila darasa la jiografia nchini, kwa maana yanabeba hesabu nzima kwa ufupi kuliko maelezo yoyote ya kitabuni.

Lakini ukipiga hesabu ya mvuto peke yake, katika bahari pana isiyo na mabara, maji yangepanda kama nusu mita tu. Mauritius, iliyo katikati ya maji mengi ya Bahari hii hii ya Hindi, hupata nusu mita hivi. Pwani nyingi za Mediterania hazifiki hata hapo. Zile mita 3 za Mombasa zatoka wapi basi, na zile 16 za Fundy?

Chukua beseni refu la kufulia, la sentimita 60 hivi kutoka ukingo hadi ukingo. Tia maji kina cha sentimita 10. Liinue upande mmoja kidogo, ulirudishe. Maji yatakwenda upande wa pili na kurudi, na safari hiyo ya kwenda na kurudi itachukua sekunde 1 na kidogo, kila mara, uwe umelisukuma kwa nguvu au polepole. Huo ndio mwendo wa beseni lako. Ukiongeza maji, mwendo huwa wa haraka zaidi. Ukichukua chombo kirefu zaidi, huwa wa polepole. Sasa tia kiganja majini ukayasukume kwa haraka haraka bila mpango: yatatapakaa kidogo tu. Yasukume kwa mwendo wake mwenyewe, kila yanaporudi uyaongeze kidogo, na kwa misukumo minane au kumi yatamwagika sakafuni. Nguvu ya mkono ni ile ile. Ni kama bembea za Idi pale Makadara: mtoto hasukumwi kwa nguvu nyingi, husukumwa kwa wakati wake tu.

Ghuba ya Fundy pamoja na Ghuba ya Maine iliyo mlangoni mwake ni beseni ambalo mwendo wake ni saa 13 hivi. Mwezi husukuma kila baada ya saa 12 na dakika 25. Miendo hiyo miwili inakaribiana mno, kwa hiyo kila maji yanaporudi nyuma hukuta bahari kuu inayaongezea msukumo mpya. Juu ya hayo, ghuba ina umbo la faneli: mlangoni ni pana na yenye kina, ndani ni nyembamba na yenye kina kifupi. Maji yanayoingia kwa wingi hukosa pa kwenda isipokuwa juu.

Kwa upande wetu, beseni ni sehemu ya magharibi ya Bahari ya Hindi. Maji yake huyumba kwa namna inayoifanya pwani ya Afrika Mashariki kuwa ukingo wa beseni, mahali panapopanda na kushuka sana, na Mauritius ikawa karibu na pale maji yanapotulia. Lakini pwani yetu haina ghuba ndefu ya kuyakuza zaidi, basi yakaishia mita 4.

Kuna tofauti nyingine ambayo mtu wa Mombasa akifika Fundy itamkanganya. Huku twahesabu kwa mwandamo: tarehe moja hadi tatu, na kumi na tano hadi kumi na nane, bamvua. Fundy, umbali wa mwezi una uzito kuliko mwandamo wake. Mwezi hauzunguki dunia kwa duara kamili. Mara huwa kilomita 357,000 hivi, mara 406,000. Ukiwa karibu, maji ya Fundy hupanda sana hata kama ni mwezi nusu. Anayetaka kuona maji makubwa kabisa atafute siku ambazo mwezi mchanga au mpevu unagongana na mwezi kuwa karibu.

Hesabu ya mwandamo bado ina faida kubwa hapa nyumbani, maana bahari yetu ina tabia ya kushika saa. Siku za bamvua, Mombasa hupwa kati ya saa nne na saa tano, asubuhi na usiku, na kujaa saa kumi na kitu, alfajiri na jioni. Ni hivyo kila mwezi. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa karibu na saa nne au tano na kupwa jioni. Ndiyo maana wanaotafuta pweza mwambani hutoka asubuhi, wiki moja ndiyo, wiki moja siyo. Ndiyo maana pia kwenye kivuko cha Likoni, bamvua ikipwa, mteremko wa kuingilia feri huwa mkali na magari ya chini hukwaruza tumbo.

Kosa linalowaponza wageni wa Nyali na Bamburi ni kudhani maji hupanda kwa kiasi kile kile kila saa. Mabaharia wana hesabu rahisi: gawa tofauti ya kujaa na kupwa kwa kumi na mbili. Saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa bamvua ya mita 3.6, sehemu moja ni sentimita 30. Basi saa ya kwanza ni sentimita 30 tu, mtu hata hashtuki. Saa ya pili ni 60. Saa ya tatu na ya nne ni 90 kila moja.

Na mwamba wetu una mtego wake. Mwamba wenyewe uko juu, karibu na pale mawimbi yanapovunjikia. Kati yake na ufuo kuna bonde lenye mchanga na majani ya bahari. Maji yakianza kurudi huingilia kwenye mlango wa mwamba, pale zinapopitia mashua, na kulijaza bonde kwanza. Mtu aliye nje mwambani miguu yake bado mikavu, anaangalia samaki wa rangi kwenye vidimbwi, na nyuma yake njia aliyoijia kwa maji ya magoti imefika kifuani na ina mkondo. Kwa hiyo toka ufuoni saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, na saa ya kupwa ikifika, geuka. Usingoje uone maji yakipanda. Vaa viatu vya kufunika vidole, si ndara, kwa sababu ya wanyama wa duara wa baharini wenye miiba mirefu myeusi, na samaki anayefanana kabisa na jiwe, ambaye sumu yake ni kali. Kanyaga mchanga au mwamba mtupu, matumbawe hai huvunjika. Kwenye hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 1986, kombe na matumbawe hayaokotwi.

Hesabu hiyo hiyo ya sehemu kumi na mbili ukiipeleka Fundy ndipo utakapoona ukubwa wa jambo. Mahali pazuri pa kuiona ni Hopewell Rocks, New Brunswick, mwendo wa dakika arubaini hivi kwa gari kutoka mji wa Moncton. Tuseme siku hiyo tofauti ni mita 12, ambayo huko ni ya kawaida. Sehemu moja ni mita nzima. Saa ya tatu na ya nne maji hupanda mita 3 kila moja, yaani sentimita 5 kila dakika. Ukiinama kufunga kamba za viatu, maji yamekwishaingia.

Miamba ya Hopewell husimama kama vyungu vya maua: shingo nyembamba iliyoliwa na maji, na kichwani miti inayomea. Maji yanaendelea kuila, na Machi 2016 mmoja uliofanana na ndovu ulimeguka. Panapokea wageni takriban kuanzia Mei hadi Oktoba, maana baridi ya huko hairuhusu zaidi. Sakafu ya bahari hutembewa kwa muda wa saa tatu hivi kabla ya kupwa na saa tatu baada yake, na saa za siku hiyo hubandikwa. Usipange safari kwa saa za ufunguzi wa lango, panga kwa jedwali la maji. Anayefika maji yamejaa na kuondoka ameona vichwa vya miamba tu. Tope la pale ni la kahawia, laini na linateleza, linashika kwenye nguo, basi vaa viatu usivyovionea uchungu.

Ukipenda namna nyingine ya ajabu hiyo hiyo, mto Qiantang nchini Uchina huyapokea maji ya ghuba ya Hangzhou yenye umbo la faneli, na bamvua huupanda mto kinyume kama ukuta wa maji wenye kelele. Wachina huenda kuutazama tarehe 18 ya mwezi wa nane wa kalenda yao ya mwezi, hesabu ambayo mvuvi wa hapa angeielewa bila kufafanuliwa. Simama nyuma ya vizuizi tu, maana umewahi kuwachukua watazamaji. Mont-Saint-Michel, Ufaransa, maji hukaribia mita 14, na hatari yake ni mchanga unaomeza miguu. Usiuvuke bila kiongozi.

Fundy, kaa siku nzima. Shuka ngazi maji yakiwa yamepwa, pita katikati ya miamba, weka kiganja pale mwani unapoishia, juu ya kichwa chako mara kadhaa. Saa sita baadaye simama juu ya jukwaa utazame chini: watu wanapita kwa mitumbwi midogo ya kukodi, kati ya miti, pale pale ulipokuwa ukitembea.