Je, akiba ya fedha ya Marekani iliingia kwenye bomu la atomiki?

Tuelewane kwanza: hapa "fedha" ni ile ya pete na bangili, si ya kulipia nauli. Kiswahili kimeziita jina moja, basi tuvumilie.

Wakusanyaji wa vipande vya mviringo vya fedha safi, vyenye sura ya sarafu ingawa si sarafu, hupenda kusimulia kwamba serikali ya Marekani ilitumia akiba yake ya fedha kutengeneza bomu la atomiki. Ni kweli, ila mimi niliielewa vibaya kwa miaka. Nilidhani ilichanganywa na urani, ikalipuka nayo Hiroshima. Sivyo kabisa. Kosa langu lilikuwa kudhani kitu kikitumika lazima kiishe. Mkaa ukitumika unaisha. Sufuria ya jirani ukiitumia unaiosha na kuirudisha. Fedha ile ilikuwa sufuria.

Sheria ya 1934 iliifanya Hazina ya Marekani inunue fedha kwa wingi, na nyingi ikalala ghalani West Point, New York. Mwaka 1942 vita vilikuwa vinameza shaba, huku mtambo wa kuandaa urani ya bomu, uliopangwa kujengwa Oak Ridge, Tennessee, ukihitaji maelfu ya tani za waya kwa ajili ya sumaku kubwa. Fedha hupitisha umeme vizuri kuliko hata shaba. Ofisa wa jeshi Kenneth Nichols akaenda kuiazima, akataja tani. Daniel Bell wa Hazina akamkumbusha kwamba wao hupima fedha kwa wakia. Mwishowe zilitoka tani 13,300 hivi.

Sumaku za nini? Urani ya asili ina atomi za aina mbili kuu, 235 na 238. Iliyotakiwa ni 235, ambayo haifiki hata asilimia 1, na kikemia zote mbili hazitofautiki. Kilichobaki kuzitenganisha ni uzito tu. Chukua pikipiki mbili: moja na dereva wake ni kilo 235, ya pili ni kilo 238, maana imebeba unga kilo tatu. Zinakwenda kwa kasi sawa, zinaingia kipilefti, na kila moja inavutwa kuelekea katikati kwa kamba, kwa nguvu ileile. Yenye unga itapanuka nje kidogo. Weka kapu kwenye kila njia, utazipata zimeachana. Mfano una kasoro zake, kwani kinachozivuta atomi hizo, zikiwa na chaji ya umeme, ni sumaku, na tofauti ya njia ni ndogo mno. Ndiyo maana sumaku zilikuwa kubwa kupita kiasi.

(Sehemu kubwa ya urani yenyewe ilitoka Shinkolobwe, Katanga, mkoa wa Kongo ambao baadaye uliitwa Shaba. Shaba ndiyo iliyokuwa imeadimika.)

Fedha ilipotobolewa wakati wa kuunda sumaku, karatasi ilitandikwa chini kudaka chengachenga, kama afanyavyo sonara yeyote makini. Mzigo wa mwisho ulirudi Hazina 1970. Kilichopotea hakikufika asilimia 0.04.

Siku hizi ukiuziwa kipande cha wakia moja, ile ya masonara ya gramu 31.1, kwa madai kwamba fedha yake ilipita Oak Ridge, huenda ni kweli. Lakini fedha ikishayeyushwa na nyingine haibaki na alama ya ilikotoka, kwa hiyo hadithi hiyo usiilipie.