Jengo linalosafisha hewa ni jengo la namna gani?

Maneno "jengo linalosafisha hewa" yanatajwa sana siku hizi kwenye matangazo ya minara mipya ya mijini, aghalabu pamoja na neno "endelevu". Shida ni kwamba hubeba mambo tofauti kabisa, na asiyeyatenganisha anaweza kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Jambo la kwanza ni kemia. Rangi, kigae au saruji ya ukuta wa nje huchanganywa na dioksidi ya titani. Unga huu si mgeni kwetu: ndio unaoipa rangi ya kuta weupe wake, na umo hata kwenye mafuta ya kujikinga na jua. Mwaka 1972 wanasayansi wawili wa Japani, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walitangaza kwamba kitu hiki kikimulikwa na miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, husaidia kupasua maji yakawa hidrojeni na oksijeni. Ukutani mambo huenda hivi: jua huuamsha unga, nao huugeuza unyevu na oksijeni iliyougusa kuwa chembe kali zenye uhai mfupi sana. Chembe hizo hushambulia chochote kilicho karibu. Oksidi za nitrojeni zitokazo kwenye moshi wa magari hugeuka naitreti, ambayo ni aina ya chumvi, na kubaki ukutani hadi mvua iioshe. Unga wenyewe haupungui, maana kazi yake ni kuchochea tu.

Inafurahisha kwamba saruji hii haikupendwa kwanza kwa ajili ya mapafu ya mtu. Katika kanisa la Dives in Misericordia jijini Roma, lililosanifiwa na Richard Meier na kufunguliwa mwaka 2003, ilitumika ili kuta zibaki nyeupe. Miaka kumi baadaye, hospitali ya Manuel Gea González ya Mexico City ilivishwa vigae vyenye kemia hiyohiyo, safari hii kwa nia ya kupambana na hewa chafu. Vigae hivyo vimepindapinda kama sega la nyuki lililoyeyuka. Hilo si pambo tu: uso uliokunjamana una eneo kubwa zaidi, na huuvuruga upepo ili hewa nyingi zaidi iguse ukuta.

Jambo la pili ni mimea. Mfano ujulikanao zaidi ni Bosco Verticale ya Milan, minara miwili ya Stefano Boeri iliyokamilika mwaka 2014 ikiwa na miti takriban 800 kwenye vibaraza. Watu wengi hudhani faida yake ni oksijeni. La hasha, oksijeni haijawahi kuwa tatizo la miji. Majani hunasa vumbi laini juu ya ngozi yake na kufyonza kiasi cha gesi kupitia vitundu vyake. Mvua hulishusha vumbi hilo chini, ama upepo hulirusha tena hewani. Na si kila mti ni rafiki: baadhi hutoa mvuke ambao, ukikutana na moshi wa magari juani, huzaa ozoni, gesi inayochoma koo na mapafu.

Jambo la tatu ni vichujio vya ndani, navyo havihitaji maelezo marefu. Feni huvuta hewa, kichujio hukamata vumbi, walio ndani hupumua vizuri. Aliye barabarani hapati kitu. Mmea wa chungu sebuleni, nao, umesifiwa kupita kiasi tangu jaribio la NASA, shirika la anga za juu la Marekani, la mwaka 1989, lililofanywa ndani ya visanduku vilivyofungwa. Uchambuzi wa mwaka 2019 uliyapitia majaribio ya aina hiyo na kuona kwamba ili kufikia kazi ya uingizaji hewa wa kawaida, vingehitajika vyungu vya mimea 10 hadi 1,000 kwa kila mita ya mraba ya sakafu. Hapo pa kukaa hapatabaki.

Ukuta wa nje nao una kikomo chake, na hesabu yake haihitaji profesa. Chukua ukuta wa mita 10 kwa 10 ulio kando ya barabara yenye upana wa mita 20. Hewa iliyo ndani ya sentimita moja kutoka kwenye ukuta ni mita moja ya ujazo. Hewa iliyo mbele yake hadi ng'ambo ni mita za ujazo 2,000. Upepo wa mita 2 kwa sekunde ukivuma kando ya barabara, hewa yote hiyo huondoka na nyingine kuingia ndani ya sekunde 5. Ukuta unasafisha kweli, ila unasafisha kile tu kinachougusa. Ndiyo maana maabara, ambako hewa hupitishwa polepole kwenye kijisanduku, hutoa majibu matamu kuliko barabara. Jopo la wataalamu wa ubora wa hewa linaloishauri serikali ya Uingereza liliupitia ushahidi mwaka 2016, na halikuona dalili za kutosha kwamba kupaka rangi hizi kwa wingi kungepunguza oksidi za nitrojeni mjini kwa kiasi cha maana.

Kwa maoni yangu, maana yenye uzito ni ile isiyopigiwa debe: jengo ambalo halichafui. Lina kivuli na madirisha yanayopitisha upepo, hivyo halihitaji viyoyozi vingi. Halina jenereta inayonguruma uani. Umeme wake unatoka juani. Na wakazi wake wanaweza kwenda kazini bila gari. Kila lita ya dizeli isiyochomwa ni moshi ambao hakuna ukuta utakaohangaika nao.

Hapo ndipo neno "endelevu" linapopimwa. Miti iliyo ghorofani inataka udongo, udongo una uzito, na uzito unadai zege na vyuma zaidi. Nao utengenezaji wa saruji hutoa takriban asilimia 8 ya kaboni dioksidi ambayo binadamu huimwaga angani. Kisha kuna matunzo. Kule Milan, watunza bustani hushuka kwa kamba kutoka paani ili kupogoa matawi.