Umesema ana figo. Mkojo wake uko wapi?

Simu ya Jumanne ilikuwa ya nne mwezi huu, na maneno yalikuwa yale yale. Kijana wa Kileleshwa, bosi wake amehama nchi akamwachia funguo, maua ya kumwagilia na paka. "Daktari, huyu ni mzee na ana figo. Najua hakuna atakayemchukua. Si nimpeleke tu makao ya wanyama, wao watajua la kufanya?"

Kila paka ana figo, ndugu yangu. Tena mbili, Mungu akijalia.

Natibu paka hapa Nairobi (jirani zangu bado wananiita daktari wa ng'ombe), na Jumamosi nashinda kwenye makao ya wanyama nikiwatafutia kwao wale ambao wageni huwapita bila kugeuza shingo: wazee, vipofu, wenye vinywa vinavyonuka. Naandika haya ili nisiyarudie kwenye simu ya tano. Paka mzee hakosi nyumba kwa sababu ya figo. Hukosa kwa sababu mtu aliandika "figo" kwenye kadi, akafunga kalamu.

Chukua Shosho. Jina alipewa na wahudumu. Aliachwa langoni alfajiri ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia, leso juu yake, kibakuli chake kando. Aliyemwacha alimpenda, mtu asiyejali haleti kibakuli. Alikuwa na kilo 2.3. Kucha nene kama za kuku, mbili zimejikunja mpaka zikaingia kwenye nyama ya unyayo, jambo la kawaida kwa paka mzee asiyekwaruza tena. Ukiivuta ngozi ya mgongoni inabaki imesimama kama hema. Ukigusa ufizi, kidole kinanata. Siku ya tatu bila kula akatolewa damu: kriatinini 362. Kadi ikaandikwa: miaka 14, figo, hatua ya tatu. Picha yake akiwa amejibanza pembeni mwa kizimba ikazunguka kwenye vikundi vya WhatsApp na maneno "msaada wa haraka, muda unayoyoma". Siku tisa zikapita. Hakuna aliyepiga simu. Mmoja alituma uso wenye machozi.

Hapa ndipo huwa napandwa na joto, kwa hiyo vuta kiti.

Kriatinini ni taka inayotoka kwenye misuli, na kazi ya kuitoa mwilini ni ya figo. Figo zikilegea, kiwango hupanda. Mpaka hapo sawa. Lakini paka aliyekaa siku tatu hali wala hanywi, kizimba chake kikitazamana na mbwa wanaobweka usiku kucha, ameishiwa maji. Damu haifiki figoni inavyopaswa, na kriatinini itapanda hata figo zikiwa nzima kabisa. Ndiyo maana vigezo vya IRIS (jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa figo za wanyama), tunavyovitumia kupanga hatua za ugonjwa huu, vinataka paka awe ametulia na maji yamemrudia kabla ya kumpachika namba. Hatua ya pili huishia 250, ya tatu 440, kupita hapo ni ya nne. Shosho tulimpa dripu siku mbili tukapima upya: 229. Hatua ya pili. Paka yule yule, figo zile zile, kadi ile ile iliyokwisha kumfungia mlango.

Sasa usishangilie, kwa sababu na mimi sikushangilia. Paka aliyekonda hana misuli, na asiye na misuli hatengenezi kriatinini ya maana, kwa hiyo 229 yake inaweza kuwa nzuri kuliko hali yake halisi. Kipimo kimoja, uongo wa aina mbili: kiu humsingizia, wembamba humfichia. SDMA, kipimo kingine cha damu cha figo, husaidia maana haiyumbishwi sana na misuli, ila bei yake si ya kila mfuko. Halafu kuna tezi ya thairoidi, ambayo kwa paka waliopita miaka kumi huharibika mara kwa mara. Ikizidisha kazi, inasukuma damu figoni kwa nguvu, na figo mbovu zinaonekana nzima. Unatibu tezi, wiki chache baadaye figo zinajitokeza, na mwenye paka anaapa kuwa dawa yako ndiyo imeziua. Nimelaumiwa hivyo mara mbili, mara moja mbele ya chumba kizima cha wateja.

Basi mimi huuliza mkojo. Matone mawili kwenye rifraktometa, kifaa kinachoonyesha mkojo umekolea kiasi gani. Figo zinazofanya kazi hukoleza mkojo wa paka kupita 1.035. Kriatinini iko juu na mkojo ni mzito? Katafute maji yalikopotelea kabla ya kuzilaumu figo. Mkojo mwepesi kama chai ya mwisho wa mwezi? Hapo tuongee. Wa Shosho ulisoma 1.018, kwa hiyo ndiyo, figo zake zilikuwa zimechoka. Lakini kilichomnyima kula hakikuwa figo. Kilikuwa jino la chini kushoto, limeliwa kwenye shingo ya jino mpaka ndani, na ukiligusa taya linatetemeka hata akiwa amesinzia. Kumlaza paka wa figo kwa nusukaputi ili umng'oe jino si mchezo, na usiku wake sikulala vizuri. Kesho yake alimaliza kibakuli.

Mengine nayapitia mbio. FIV, ile watu wanaita ukimwi wa paka, haimwambukizi binadamu. Paka huipata zaidi kwa kuumwa na mwenzake, na wengi huishi nayo miaka. Panadol humuua paka, hata kidonge kimoja, hata "nusu tu daktari". Na ile ya kumshusha sokoni kwa kuwa paka ana roho saba na atajitafutia: paka aliyelala kwenye kochi miaka kumi na tatu hajui hata gari linatoka upande gani.

Chakula kinanirudisha kwenye hasira. Chakula cha figo kipo, kina fosforasi kidogo, na kinasaidia kweli. Omena, kwa kuwa huliwa pamoja na mifupa yake yote, ina fosforasi tele. Sasa mtu anasoma hayo kwenye simu, anamwondolea paka omena, anamwekea chakula cha figo, paka anageuza uso, na mwenye nyumba anashindana naye siku nne: "Akisikia njaa atakula." Hatakula! Paka asiyekula kwa siku chache, hasa aliyekuwa mnene, mafuta huhamia kwenye ini, na ini linaweza kumuua mapema kuliko figo, tena kwa mbali. Heri anayekula chakula kibaya kuliko anayetazama chakula kizuri. Changanya kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa ikibidi.

Na umri je? Ile "miaka 14" ilitoka hewani. Baada ya miaka michache ya mwanzo meno ya paka hayakwambii kitu cha kutegemea. Tunatazama mboni iliyoanza ukungu wa bluu, manyoya, kiuno, halafu tunakisia kama wanaokisia uzito wa mbuzi mnadani. Huenda Shosho ana kumi na moja. Huenda ana kumi na saba. Siku hizi naandika "mtu mzima sana", na kuna wenzangu wanaoniona tapeli.

Tangazo tuliliandika upya. Tuliondoa muda unayoyoma. Tuliandika kwamba anakula mara nne kwa siku, kidogo kidogo; anakubali kuchomwa mililita 100 za dripu chini ya ngozi kila siku ya pili, shughuli ya kama dakika tano akiwa kwenye leso yake; anakojoa sana, kwa hiyo beseni lisafishwe asubuhi na jioni; hataki mbwa, hataki watoto wa kukimbizana. Badala ya picha ya kizimba tukaweka video akila.

Alikuja mwalimu mstaafu wa Buruburu. Hakulia, hakusema "maskini". Aliuliza sindano ni namba ngapi na dripu inatundikwa wapi. Nilimwonyesha, akashika ngozi, akachoma, mkono wake umetulia kuliko wa wanafunzi wangu wa mazoezi. Nikamwambia ukweli: "Mwalimu, anaweza kuishi miaka miwili, anaweza kuishi miezi miwili. Sijui." Akanijibu, "Mwanangu, hata mimi hakuna aliyeniandikia tarehe." Wanaokuja kwa huruma naona ndio hurudisha paka ndani ya wiki, wanaouliza sindano hubaki naye, ingawa huenda nakumbuka tu wale wanaoniunga mkono.

Kuna dume jeusi nililompeleka South B kwa moyo ule ule. Alikufa siku ya kumi na tisa, na familia ikabaki na deni na mtoto anayelia. Wapo ambao sindano ya mwisho ndiyo huduma njema, na nimewahi kuichoma mapema, nimewahi kuichelewesha. Mpaka uko wapi, sijaujua. Namwangalia kama anajilamba, kama anainuka mtu akiingia. Shosho aliinuka. Sasa ana kilo 2.7 na amemnyang'anya Mwalimu kiti.

Kijana wa Kileleshwa ataleta mkojo kesho. Atoe mchanga wote kwenye beseni, aweke changarawe safi ya tangi la samaki, isiyonyonya mkojo, kisha avute kwa bomba la sindano. Na tafadhali, chupa mpya ya maabara. Mwaka jana kuna mama aliyeniletea mkojo kwenye chupa ya asali aliyoisuuza kidogo, na kwa saa nzima nilikuwa nimempa paka wake kisukari.